Jiwe la Chumvi la Ng'ombe Mmoja

Machimboni, nje ya Geita
14 Januari 2024

Kwa mke wangu mkubwa, Bibi Eufrasia, Nyahanga, Kahama,

Shikamoo. Najua umeitikia, na najua umeitikia kwa kupiga kelele mpaka jirani Violeth kaacha kuchambua mchicha wake kuangalia nani anagombana. Mimi mumeo mzima wa afya, shingo imenenepa, ndevu zimetoka upande mmoja, upande wa pili zinajipanga. Ng'ombe wetu hajambo? Mwambie asizeeke kabla sijarudi kumnunulia mwenzake.

Kabla hujauliza kwa nini barua na siyo simu: simu yangu ilidumbukia shimoni wiki ya kwanza. Halafu hata ningekuwa nayo, ningeongea na nani? Masikio yako yalistaafu, nikikupigia unasema "haloo, haloo, nani amekufa?" mpaka salio linakata tamaa. Kwa hiyo nakuandikia, kwa mwandiko huu ulionifundisha mwenyewe kwa mkaa juu ya gunia la pumba, kabla kidato cha pili hakijanikataa. Bahasha nampa Davis, kondakta wa basi la Kahama, anaiacha dukani kwa Ebrahim. Ukijibu, mwachie Ebrahim hapohapo.

Habari za hapa ni kwamba mumeo amekuwa mtu. Niko kwenye duara la Stanslaus, na duara maana yake shimo, usije ukafikiri nacheza ngoma. Tuko kumi na wawili. Wanazama mita hamsini kwa kamba, na mimi nikizama wananiita Shoka. Usimwambie mtu.

Mashavu yako vipi? Nilipoondoka yalikuwa yameumuka kama maandazi ya Krismasi kwa vile vidonge vyeupe vya viungo. Watu wa Nyahanga wanadhani mjukuu anakulisha vizuri. Waache wadhani hivyohivyo, wananijengea jina.

Sasa kuna jambo. Stanslaus ameleta nfumu, mganga mmoja mzee wa kutoka Bukombe, amezunguka duara na mbuzi wawili na kibuyu. Ametoa mwiko: mpaka mawe yenye dhahabu yatoke, asiyetaka kuharibu asile chumvi, asimeze dawa ya hospitali. Na siyo sisi tu. Kila mtu awe na mmoja wa damu yake nyumbani anayeshika mwiko uleule, maana anasema anayezama ameshikiwa kamba na aliyebaki. Wenzangu wametaja wake zao. Mimi mama yangu yuko Tabora kwa mume mpya, baba ndiyo hivyo tena, nikasema mke wangu yuko Kahama, ana miaka sabini na mbili, hasikii, ila kwa ukali anawazidi wote. Walicheka mpaka mbuzi wakaogopa.

Basi ukijisikia, shika. Usipojisikia, kula chumvi yako, tukikosa dhahabu tutajua nani wa kumpiga faini.

Mumeo unayemkosa,
Jilala, jina la kazi Shoka


Nyahanga
2 Februari 2024

Jilala, mume wangu mdogo usiye na ndevu,

Marahaba. Nimeitikia polepole, Violeth hakusikia kitu. Mimi mzima. Ng'ombe mzima. Mvua imenyesha, mahindi ya nyuma ya nyumba yamefika kiunoni, kaburi la baba yako nimelipalilia. Violeth anakusalimu, anasema ulipoondoka kuku wake wameongezeka. Sijui ana maana gani, wewe unajua.

Barua yako nilisomewa na miwani yangu mwenyewe. Nilikaa kizingitini nikaisoma mara tatu. Ebrahim aliponipa bahasha aliniandikia kwenye kipande cha boksi, "Bibi, mchumba ameandika." Sasa mji mzima unajua. Haya.

Ninyi watoto wa siku hizi mnasema miko kama mnaotaja majina ya timu za mpira. Wazee wetu walikuwa wanakwenda Ziwa Eyasi kuchota chumvi, miezi miwili kwa miguu, kupita kwenye simba. Bibi yangu alinisimulia. Mume akiwa njiani, mke hasuki nywele, hagombani na mtu, haazimi moto kwa jirani. Mmoja alisuka. Mumewe alirudi amebebwa. Bibi yangu hakumtaja jina yule mwanamke hata siku moja, alikuwa anamwita "yule aliyesuka". Kwa hiyo usinitanie na kamba ya aliyebaki.

Kliniki nilikwenda Januari. Daktari yule binti, Nelly, alinikagua vidole, vimenyooka kidogo. Aliniandikia kwa herufi kubwa kama kawaida yake. Vidonge vyeupe kila asubuhi, miaka sita sasa, na vile vya Jumapili sita kwa mkupuo. Anasema kinga ya mwili wangu ina wazimu, inapigana na viungo vyangu yenyewe, vidonge vinaipooza. Alinipa na kadi ya manjano ya kubandika ukutani. Kadi hiyo ina maneno mengi.

Hayo ya mwiko nimeyasoma.

Je, unakula? Shoka ni jina la chuma. Chuma kikilala kwenye maji kinashika kutu. Usilale kwenye maji.

Mimi bibi yako,
Eufrasia


Machimboni
10 Machi 2024

Mke wangu kipenzi,

Shikamoo tena ya pili na ya tatu, maana nimechelewa. Usiseme nimepata mwingine. Wanawake wa hapa wananiogopa, wanasema huyu kijana mzuri hivi lazima ana mwenyewe. Ninawajibu, yuko Kahama, ana ng'ombe.

Mimi mzima. Chakula ninakula mpaka kinaniogopa. Kuna mama ntilie anaitwa Ghati, Mkurya, mkono wake kama mpini wa jembe, ila maharage yake yanaweza kumrudisha mtu kwenye dini. Nakula kwake asubuhi, mchana na jioni. Naweza kusema nakaa hapo.

Mvua huku ni nyingi. Maji kidogo yaliingia kwenye mashimo ya watu, siyo mambo ya kukueleza wewe. Sisi wenye akili tunajipanga. Mimi mwenyewe nimepandishwa cheo, sasa ni msimamizi wa idara ya maji. Hakuna kinachofanyika hapa asubuhi bila mimi kwanza kutoa maji. Stanslaus mwenyewe juzi alinipungia mkono akiwa juu ya pikipiki na begi lake lote.

Umeuliza kama nakula, nimejibu. Hukuuliza kama mawe yametoka, lakini najua unataka kuuliza. Yako njiani. Dhahabu ni kama bibi harusi, haitoki nje kwa kuitwa mara moja.

Mashavu yako yanaendeleaje? Nimewaambia watu hapa kwamba mke wangu ana uso kama mwezi uliojaa, wanadhani natunga.

Hapa watu ni wengi, Bibi, kama siafu, na kila mtu anapiga kelele. Lakini ukimtafuta wa kumwambia "leo nimeota umenifinya sikio", hakuna. Basi nimekuandikia. Niliota umenifinya sikio.

Wako,
Jilala Shoka, Msimamizi


Nyahanga
7 Aprili 2024

Msimamizi,

Marahaba. Hongera ya cheo. Baba yako Edson alikufa hajasimamia hata kuku.

Mimi niko. Pasaka imepita, kanisani nilikaa nyuma kwa sababu nikisimama kwenye wimbo macho yanaingia giza na nyumba inazunguka. Nilikaa, nikaimba nimekaa. Mungu ana masikio kunishinda mimi. Tumbo nalo linakataa vitu. Nikila ugali unarudi nusu njia. Mlenda usiotiwa kitu ndani, mjukuu wangu, ni kama kulamba ukuta.

Mashavu umeyauliza. Yamekwenda. Nilijitazama kwenye sufuria ya Violeth nikamwona mama yangu. Magoti yamerudi na vita yake ya zamani, asubuhi natoka kitandani kwa awamu, mguu kwanza, halafu sala, halafu mguu wa pili. Sikwenda kliniki mwezi huu. Kuna sababu. Vile vya Jumapili nakunywa, maana Jumapili ni siku ya Mungu, hakuna mwiko unaofanya kazi siku hiyo, nimelifikiria hilo vizuri.

Ebrahim ananiuliza maswali siku hizi. Nilikwenda kununua jiwe la chumvi la ng'ombe, akaniandikia, "Bibi, ng'ombe mmoja anamaliza jiwe zima kwa wiki tatu? Au anakula na wageni?" Nikamwambia ng'ombe wangu ana mimba. Hana mimba. Usimwambie.

Siku ndefu, Jilala. Mtu asiyesikia anasikia nyumba yake tu. Zamani nilikuwa nasikia unavyobamiza mlango wa jikoni, hata kwa miguu nilikuwa nausikia, sakafu inaniambia. Sasa sakafu imenyamaza.

Mawe bado?

Eufrasia


Machimboni
5 Mei 2024

Kwa mrembo aliyepungua, shikamoo,

Ehe! Kumbe mashavu yamekwenda! Niambie ukweli, umepata mchumba pale kwenye kigango, unajipunguza ili gauni la ndoa likae. Ni yule mzee wa zaka mwenye baiskeli? Mwambie mwenye mali yupo Geita, ana shoka.

Mimi mzima, idara inaendelea vizuri, tumeongeza kitengo cha vyombo. Ghati anakusalimu. Nilimsomea barua yako pale ulipoandika mguu kwanza, halafu sala. Hakucheka. Akanitazama kama ninavyotazama sufuria iliyoungulia. Akasema, "Huyo mama anaumwa. Wewe unafanya nini hapa?" Nikamwambia bibi yangu ni mti wa msasa, haukatwi na upepo. Akasema msasa nao hukauka.

Bibi, kuhusu tumbo. Kunywa uji mwepesi. Kuhusu magoti, kanda kwa maji ya moto. Kuhusu vidonge vyeupe

(Hapo nimefuta mistari miwili. Usiisome kwa kuinua karatasi kwenye jua, nakujua. Nimeipaka mkaa pande zote.)

Kuhusu vidonge vyeupe, fanya anavyosema daktari, yeye ndiye aliyesoma. Mimi nimesomea gunia.

Mawe yako karibu. Karibu sana. Nitarudi nikiwa nimebeba, siwezi kurudi mikono mitupu kama mtu aliyetumwa moto akakuta umezimika. Watu wa Nyahanga walinisindikiza mpaka stendi, Violeth alitoa kuku. Unadhani mtu anarudije baada ya kuku?

Huyo ng'ombe asiye na mimba msalimie.

Wako siku zote,
Jilala


Nyahanga
28 Mei

Edson mwanangu,

Umeshindaje. Mimi mzima. Ng'ombe mzima. Mvua imenyesha.

Nimeungua ubavuni na chungu. Kidogo tu. Ni moto wa chungu, si kitu kingine, mtu akikuuliza mwambie chungu. Unachoma mpaka mgongoni, nguo haigusi.

Umeshindaje. Mimi mzima. Chumvi imetufikia kutoka Eyasi, wamekuja na punda lakini wewe sikukuona. Nilisuka. Nilisema kidogo tu hawataona, nikasuka kila siku. Edson, toka kwenye shimo kwanza. Toka, nitafumua.

Jilala asijue.


(Nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa mwandiko mwingine)

30/5/2024

Jilala, mimi Violeth. Nimeikuta hii mezani kwa Bibi. Anakuita Edson, na Edson baba yako tumemzika sote tukishuhudia, kwa hiyo ujue hali si nzuri. Si chungu. Ni mkanda wa jeshi, malengelenge yamejipanga kutoka mgongoni mpaka chini ya titi, mengine yametapakaa tumboni na mikononi. Alijificha na khanga wiki nzima asionekane, si unajua watu wakiona mkanda wanasema nini. Homa ilikuwa kali, nikawa nampa maji, kila saa kikombe, nikidhani namsaidia, kumbe ndiyo anazidi kuchanganyikiwa. Leo asubuhi kaanguka, kashikwa na degedege, mtu mzima. Ebrahim kamtia kwenye gari lake pamoja na mifuko ya ngano iliyokuwamo, tumempeleka hospitali. Daktari anauliza kwa nini aliacha vidonge vyeupe. Pakiti za miezi minne nimezikuta ndani ya mtungi, hazijafunguliwa. Nimemwambia nitauliza. Wewe unajua? Njoo.


Wodini, Kahama
4 Juni 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Umelala. Niko hapa kwenye kiti cha plastiki, mkono wako ninaweza kuugusa nikinyoosha wangu, na bado inabidi niandike, kwa sababu nikisema utaniona midomo inacheza tu. Nilikuwa nadhani barua ni za watu walio mbali.

Habari za nyumbani: ng'ombe yupo kwa Violeth. Mlango wa jikoni nimeubamiza makusudi nilipofika. Hakuna kilichotokea.

Bahasha ya Violeth nilipewa juzi, nikaenda Kalangalala, Geita mjini, kwa miguu kupanda basi la alfajiri. Davis hakunidai nauli. Alinitazama usoni, akanionyesha siti.

Daktari Nelly amenieleza mambo, nayaandika yote ili ukiamka uyaone, na mimi nisiweze kuyakana.

Anasema juu ya kila figo kuna kitezi kimekaa kama kofia. Kazi yake ni kutengeneza homoni ya kumsimamisha mtu, ya presha, ya kustahimili ugonjwa, ya kupanga maji na chumvi mwilini. Vidonge vyako vyeupe ni ndugu wa homoni hiyo. Miaka sita vimefanya kazi ya kitezi, kitezi kikaona kumbe kuna kibarua, kikalala. Sasa ukiacha vidonge kwa ghafla, kibarua ameondoka na mwenye kazi hajaamka. Ndiyo macho kuingia giza. Ndiyo ugali kurudi nusu njia. Uliniandikia yote hayo mwezi wa nne, nami nikakuuliza kuhusu mzee wa zaka.

Halafu vile vya Jumapili uliendelea kunywa, na vyenyewe vinapooza kinga. Tetekuwanga uliyougua utotoni, virusi vyake havikufa, vilijificha kwenye mishipa ya fahamu miaka sitini vikisubiri mlinzi asinzie. Vikatoka kama mkanda. Wamekupima na kile ulichoogopa watu watasema, UKIMWI. Hakipo. Daktari anasema hata kingekuwapo si aibu, kingetibiwa. Ugonjwa kama huo ukimpata mtu mwenye kinga iliyopoozwa, na homoni hana, mwili unashikilia maji kama bwawa na chumvi ya damu inazimuliwa. Yako ilikuwa mia na kumi na mbili. Ya mtu mzima inaanzia mia na thelathini na tano. Ubongo ukalowa, ukaniita Edson. Vikombe vya Violeth vikaongezea. Nimemwambia hakukosea kwa ubaya, bado analia.

Nikamwambia daktari, basi mmiminieni chumvi yote leo, mimi nitalipia kwa damu yangu. Akasema hapana, chumvi hupandishwa kidogokidogo, ikirushwa juu haraka inaharibu ubongo moja kwa moja. Wanakupa homoni ya kwenye mshipa, na dawa ya virusi, na chumvi kwa tone. Nimekaa nayahesabu matone. Hayana haraka hata kidogo.

Nikamweleza habari za mwiko, kisha akauliza swali. "Miezi minne bila vidonge, bila chumvi kwenye chakula, mwanamke wa umri huu. Ningetegemea angeanguka mapema zaidi. Kuna kitu alikuwa anakula?" Ebrahim alikuwepo, ameleta uji. Akasema taratibu, "Daktari, ana ng'ombe mmoja. Lakini ananunua chumvi ya ng'ombe wanne." Daktari akasema huenda hiyo ndiyo iliyomshikilia mpaka leo.

Bibi, sasa langu. Nalisema bila mkaa.

Duara la Stanslaus lilijaa maji tarehe ishirini Februari. Halikutoa hata jiwe la kumtupia mbwa. Nfumu aliondoka na mbuzi wote wawili. Stanslaus alituambia siku hiyohiyo, kila mtu awaarifu wa nyumbani kwake, mwiko umekwisha, wale chumvi. Wenzangu wote walipiga simu. Wote kumi na mmoja. Na mimi nilikuwa na karatasi, nilikuwa na kalamu, nilikuwa na Davis. Lakini nikikuambia mwiko umekwisha, nimekuambia dhahabu haipo, na nikikuambia dhahabu haipo, mimi ni nani? Ile mistari miwili niliyoifuta ilikuwa hiyo. Niliandika, nikaisoma, nikaona Shoka anakufa pale kwenye karatasi, nikachukua mkaa.

Sijawahi kuzama, Bibi. Siku ya kwanza waliponifunga kamba nilitapika, wakanitoa. Nachota maji kwa Ghati na kuosha sufuria zake. Hiyo ndiyo idara. Stanslaus aliyenipungia mkono juu ya pikipiki alikuwa anahama.

Nilidhani unajua natania. Mimi kila kitu natania. Ningejua kama hili moja utalishika, ningelisema kwa magoti.

Ukiamka karatasi iko chini ya mkono wako wa kulia. Miwani nimeifuta.

Jilala


Wodini
7 Juni 2024

Jilala,

Salamu siandiki, uko hapa, naiona pua yako. Naandika nimelala, usicheke herufi.

Nimesoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani ni homa.

Nilikasirika, nilipofika kwenye kumi na mmoja waliopiga simu. Ulipokwenda kuchota maji nilikuwa nimekasirika. Uliporudi umemwaga nusu kwenye suruali kwa haraka, nilikuwa bado. Ujue hilo. Halijaisha.

Lakini na mimi ninalo langu. Mwiko sikuuweza. Vidonge viliwezekana, nilivitia mtungini na kufunika. Chumvi ilinishinda. Jioni nilikuwa namwekea ng'ombe jiwe lake, mate yanajaa kinywani kama mtoto. Siku moja nililamba. Kesho yake nikalamba tena. Nikasema mimi ndiye yule aliyesuka. Kila barua yako niliyoifungua, nilianza kutafuta neno mawe, na nisipoliona, nilijua ni kwa sababu ya ulimi wangu. Nikiona mvua nasema shimo linamjaa, ni mimi. Ningekuambia uache, urudi, lakini ningekuambiaje bila kusema nimelamba? Nikawa nakuuliza, mawe bado, mawe bado. Hivyo ndivyo tulivyokaa, wewe huko na mimi huku.

Sasa huyu binti Nelly ananiandikia kwa herufi kubwa kwamba kulamba ndiko kulikoniweka hai. Nimemwambia aandike tena. Ameandika tena.

Kadi ya manjano sikukusomea mwanzoni. Inasema: ASIACHE DAWA HII GHAFLA. AKIUGUA HOMA AFIKE HOSPITALI MARA MOJA. Utainakili kwa mwandiko wako wa gunia, uibandike mlangoni kwa ndani na moja umpe Violeth. Mwandiko wako nauamini, hata kama mwenyewe sikuamini kwa sasa.

Ukiosha sufuria kwa Ghati ulizisugua mpaka chini? Zangu hukuzisugua hata siku moja.

Nenda nyumbani. Ng'ombe ana siku nane hajapata chumvi, Violeth hajui jiwe liliko. Jiwe liko kitandani kwangu, chini ya mto, limefungwa kwenye khanga. Utaona upande mmoja umechimbika kama kijiko, huo ni wangu. Mpe lote.

Kisha urudi. Nyuma ya karatasi hii hapajaandikwa kitu.

Bibi yako